MAZIWA YA UVUGUVUGU NA KENGELE YA BAKTERIA
(Na mwanachama wa Kidato cha Tatu)

Mlezi wa chama alipotuuliza katika mkutano wetu wa kwanza ni nani awezaye kuandika somo la Biolojia kwa Kiswahili bila kukwama, chumba kizima kiliangua kicheko. Eti jeni utaziandikaje kwa Kiswahili? Mimi sikucheka. Nilikuwa na jambo la nyumbani lililonikera tangu Desemba, na nilitaka kulieleza kwa lugha ambayo mama na nyanya yangu wanaielewa. Basi someni polepole. Tukifika mahali pagumu nitawaonya.

Sisi tunaishi hapa Kitengela. Nyanya yangu, mzaa mama, anaishi ndani zaidi ya Kajiado, upande wa Bisil, na ana mbuzi pamoja na ng'ombe wachache waliosalia baada ya ule ukame mkali wa 2022. Kila Jumamosi hututumia maziwa kwa matatu ya barabara ya Namanga, katika mtungi wa plastiki wa lita tano. Yanakamuliwa alfajiri, yanangoja gari, yanapita Kajiado mjini na Isinya, na yakifika kwetu jua limeshakuwa kali na mtungi una joto ukiugusa.

Kazi ya kuyashughulikia maziwa hayo ni yangu, kwa maana mama huwa sokoni. Nasema ukweli hapa mbele ya walimu: sikuwa nikiyachemsha. Nilikuwa nikiyapasha. Gesi ni ghali, na kaka yangu mkubwa hapendi maziwa yaliyochemka. Husema yakichemka yanapoteza ladha ya nyumbani. Kwa hiyo niliweka sufuria mekoni, nikachovya kidole, na kidole kikikataa kukaa ndani nilijua tayari. Nilidhani kupasha ni nusu ya kuchemsha, na nusu ya dawa bado ni dawa.

Desemba kaka akaanza homa. Homa yenyewe ilikuwa ya ajabu: asubuhi yu mzima anakwenda kazi ya mjengo, jioni anatetemeka, usiku shuka linalowa jasho. Mgongo na magoti yakamuuma kama mzee. Mahali pa kwanza alipotibiwa walimpa dawa za malaria. Mahali pa pili wakasema ni homa ya matumbo. Majuma matatu yalipita hivyo na kaka akakonda hadi mshipi ukatobolewa tundu jipya. Mwishowe daktari mmoja akaagiza damu ipimwe bruselosi, na ikawa ndiyo. Akapewa dawa za aina mbili za kumeza kwa majuma sita bila kuruka hata siku moja.

Daktari huyo alimwuliza kaka maswali mawili. La kwanza, je, umeshika ng'ombe aliyeharibu mimba? Kaka akajibu ndiyo, kwani alipokwenda kwa nyanya mwezi wa Oktoba alisaidia kumtoa ndama mfu kwa mikono mitupu. La pili, je, hunywa maziwa yasiyochemshwa? Kaka akasema hapana, ndugu yangu huyu huyapasha moto. Daktari akanigeukia mimi niliyekuwa nimemsindikiza.

"Wewe huyapasha au huyachemsha?"

Nilinyamaza. Hadi leo hatujui ugonjwa uliingia kwa mlango upi, wa ndama au wa sufuria yangu. Lakini swali lile lilinipeleka maktabani, na baadaye kwa mwalimu wetu wa Biolojia, na ninayoyaandika hapa chini ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Bakteria wa bruselosi huitwa Brusela, jina lililotokana na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1887, akiwa katika kisiwa cha Malta, aliwapata bakteria hawa katika wengu za askari waliokuwa wamekufa kwa homa. (Ndiye Bruce huyo huyo aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.) Kwa miaka mingi hakuna aliyejua homa ile ilitoka wapi. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, akagundua kwamba mbuzi wa kisiwani walikuwa nayo na wala hawakuonekana wagonjwa. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua sana kambini. Naona maajabu: watu walihangaika kwa miaka kumi na minane, kumbe jambo lilikuwa kikombeni.

Kwetu Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha Kiambu, Kajiado na Marsabit kwa kupima damu za watu na mifugo. Kiambu, ambako ng'ombe wengi hufugwa zizini, waliopatikana na alama za Brusela hawakufika watu 3 katika kila 100. Marsabit walizidi 40. Kajiado tulikuwa katikati yao. Kwa hiyo kaka hakupatwa na jambo la ajabu. Ni jambo la kwetu.

Sasa joto. Hapa ndipo mahali pagumu, kaeni vizuri.

Chukua yai, livunje kwenye kikaango. Ule ute unaoonekana kama maji hugeuka mweupe na mgumu. Ute ule ni protini, na kila protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu. Umbo ndilo kazi. Joto likizidi, uzi hukunjuka, halafu nyuzi hujisokota ovyo na kushikana, na ukishafika hapo hakuna wa kuzirudisha. Bakteria naye amejaa protini. Akipashwa moto, protini zake huanza kukunjuka kama ute wa yai. Kwenye joto kali sana zote huharibika mara moja, naye hufa. Lakini je, kwenye joto la wastani, lile la kidole changu?

Hapo hafi papo hapo. Hupiga kengele.

Bakteria anayefahamika zaidi katika jambo hili ni E. koli, yule wa matumboni, ambaye naye hupatikana sana katika maziwa yaliyokamuliwa kwa uchafu. Ana jeni zaidi ya 4,000. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini, yameandikwa katika DNA. Hata hivyo bakteria hasomi maagizo yote kwa wakati mmoja, kama vile wewe hubebi vitabu vya masomo yote kila siku. Husoma yale anayoyahitaji. Kubadilisha ni jeni zipi zisomwe sana na zipi zisomwe kidogo ndiko kunakomwezesha kuishi leo ndani ya ng'ombe, kesho ndani ya mtungi, na kesho kutwa ndani ya kaka yangu, bila DNA yake kubadilika hata herufi moja. Jambo hili watu wengi hulichanganya. Wanadhani bakteria akistahimili amegeuka kuwa mwingine. La. Ni yule yule, amefungua tu ukurasa mwingine.

Nani humfungulia ukurasa? Ni protini iitwayo sigma 32. Mimi namwita mpiga kengele. Yeye huishika ile mashine inayonakili jeni na kuielekeza kwenye jeni za dharura. Siku za kawaida mpiga kengele huyu ni wachache mno ndani ya seli, na kila mmoja haishi zaidi ya dakika moja hivi kabla ya kusagwa. Kuna walinzi wanaomshika mikono. Mlinzi mkuu anaitwa DnaK.

Sasa DnaK ana kazi yake nyingine ya kila siku: kuzishika protini zilizokunjuka na kuzisaidia zirudi katika umbo lake. Joto likipanda ghafla, tuseme kutoka nyuzi 30 za sentigredi hadi 42, protini nyingi hukunjuka kwa pamoja. Walinzi wote hukimbilia huko. Mpiga kengele huachwa mikono huru! Hasagwi tena upesi, anazidi kuwa wengi, na katika dakika chache tu seli nzima inanakili jeni za dharura. Na jeni hizo hutengeneza nini? Hutengeneza DnaK wengine zaidi, pamoja na wasaidizi wao, wengine wa kukunjua zile zilizoshikana na wengine wa kukatakata zile zilizoharibika kabisa. Kazi ikiisha, walinzi hubaki bila shughuli, wanarudi kumshika mpiga kengele, na kengele inanyamaza. Mimi nilipoielewa hii nililifunga daftari nikacheka peke yangu maktabani. Hakuna kiongozi, hakuna mkutano, na bado kazi inagawanywa sawasawa kuliko zamu yetu ya kufagia darasa.

Kuna na ujanja wa pili. Ujumbe wa kutengenezea sigma 32, ambao ni uzi wa RNA, hujikunja wenyewe kama karatasi na kuficha mahali pa kuanzia kusomwa. Kwenye baridi umefungwa. Joto likipanda, mikunjo inalegea, na ribosomu, yaani viwanda vya kutengenezea protini, vinausoma. Uzi wenyewe ndio kipimajoto. Bakteria wa tauni hutumia kipimajoto cha namna hiyo: ndani ya kiroboto kuna baridi na silaha zake zimefichwa, akiingia ndani ya binadamu kwenye nyuzi 37 karatasi inafunguka na silaha zinatoka. Shigela, anayeleta kuhara damu, naye kwenye nyuzi 30 huwa mpole na kwenye 37 huanza kuvamia seli, ingawa yeye ana njia yake nyingine ya kuhisi joto.

Mambo haya hayakugunduliwa kwanza katika bakteria, bali katika nzi wadogo wa matunda. Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akiwachunguza huko Italia, na mtu fulani maabarani akapandisha joto la kabati la kuwekea seli bila kumwambia. Ritossa akaona sehemu za kromosomu zimevimba mahali ambapo hapakuwa na uvimbe, ishara kwamba jeni za hapo zilikuwa zikinakiliwa kwa wingi. Akaandika habari hizo mwaka 1962. Baadaye ikajulikana kwamba viumbe wa kila aina, kuanzia bakteria hadi mahindi hadi sisi wenyewe, wana protini hizo za joto. Wewe unayesoma una ndugu za DnaK ndani yako sasa hivi.

Turudi kwenye sufuria yangu. Wataalamu wamepima jambo hili mara nyingi kwa Salmonela, Listeria na E. koli. Bakteria waliokaa kwanza kwenye joto la wastani, mathalani nyuzi 45 hadi 48, kisha wakapelekwa kwenye joto la kuua kama nyuzi 58 au 60, huchukua muda mrefu zaidi kufa kuliko wenzao waliotolewa moja kwa moja kwenye baridi. Walishapigiwa kengele. Walinzi walikuwa tayari wameongezeka.

Basi ile hesabu yangu ya nusu ilikuwa mbaya. Kupasha si nusu ya kuchemsha. Ukipasha ukaacha hapo, umewapelekea taarifa kwamba moto unakuja.

Brusela naye ana protini hizi hizi, na kwake zina kazi ya kutisha zaidi. Akiingia mwilini humezwa na seli nyeupe za damu, zile zinazopaswa kumla. Humo ndani hukuta tindikali na njaa, na mwenye mwili naye amepandisha homa hadi nyuzi 39 au 40. Ungedhani atakwisha. Lakini tindikali nayo hukunjua protini kama joto lifanyavyo, na DnaK wake huzishika. Mwaka 1996 wataalamu walichapisha habari za Brusela wa nguruwe waliyemharibu jeni ya DnaK: alipomezwa na seli za namna hiyo, alishindwa kuongezeka ndani yake. Yule mwenye jeni nzima aliongezeka raha mustarehe. Hii ndiyo sababu mojawapo ya ugonjwa huu kujificha na kurudi, na mgonjwa kumeza dawa majuma sita. Kaka alipopata nafuu juma la pili alitaka kuziacha. Nilimchorea picha ya seli na mdudu ndani yake amejikunyata. Aliitazama, akasema nachora vibaya, akameza.

Mwalimu wetu wa Biolojia aliniruhusu kuchukua kipimajoto cha maabara mwisho wa juma moja, kwa sharti kwamba nikikivunja nitalipa. Niliyapasha maziwa kama zamani, nikachovya kidole hadi kikakataa, halafu nikatia kipimajoto. Nyuzi 52! Hapo ndipo nilipokuwa nikizima moto miezi yote hiyo. Baada ya dakika tano yalikuwa yameshuka hadi 47. Linganisheni na viwandani: maziwa hutiwa joto la nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, na Brusela hufa. Mimi sikufika hata kwenye mlango.

Halafu nikayachemsha kabisa. Kipimajoto kikasimama kwenye 95, nikadhani ni kibovu. Nikachemsha maji, yakasimama hapo hapo. Mwalimu wa Fizikia akanieleza kwamba Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi maji hutokota kabla ya 100. Hiyo 95 inatosha na kubaki. Jambo moja tu la kuangalia: povu hupanda mapema kabla maziwa hayajatokota barabara, na wengi huona povu wakazima. Teremsha moto, koroga, acha yatokote.

Aprili nyanya alikuja kumwona kaka. Nilimsomea makala hii ilipokuwa bado mswada, mama akitafsiri kwa Kimaasai pale Kiswahili changu kilipopanda juu sana. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akauliza swali ambalo darasani hakuna aliyeniuliza.

"Kama wanajifunza moto, si siku moja watajifunza na kuchemka? Mbona kule Magadi maji yanatoka ardhini yakichoma, na kuna vitu vinaishi ndani?"

Nyanya hakusoma hata darasa la kwanza. Nilibabaika kidogo. Ni kweli, Magadi ni Kajiado yetu hii, na kando ya ziwa kuna chemchemi za moto, na kuna samaki wadogo wanaoishi kwenye maji ya nyuzi 40 na kidogo, na bakteria wanaoishi kwenye moto mkali zaidi ya huo. Nikamwambia hivi. Wale bakteria wa moto mkali protini zao zimeumbwa ngumu tangu mwanzo, kwa muda mrefu usiohesabika, na ukiwaleta kwenye joto la mwili wetu wao ndio wanaoshindwa kukua. Brusela ameumbwa kwa joto la ng'ombe na mbuzi. Kengele yake humwongezea wasaidizi, lakini kuwatengeneza huchukua dakika, tena kunahitaji ribosomu nzima, nguvu, na ngozi ya seli isiyovuja. Kwenye nyuzi 72 vitu hivyo huharibika kwa sekunde. Kengele inalia na hakuna wa kuisikia.

Nikamwambia pia ukweli mwingine, ili asiseme baadaye nilimdanganya. Kuna bakteria wanaojifunga ndani ya gamba gumu wakaweza kustahimili kuchemka, kwa mfano wale wa kimeta, na ndiyo maana ng'ombe aliyekufa kwa kimeta haliwi hata akichemshwa namna gani. Brusela hana gamba hilo.

"Na ndama aliyekufa tumboni?" akauliza tena.

Huyo, nikasema, hakuna sufuria inayohusika. Ni glavu, au mfuko wa plastiki mkononi, na kumzika mbali na mbwa. Alitikisa kichwa taratibu. Nadhani alikuwa akikumbuka ni mara ngapi amewatoa kwa mikono.

Ladha ndiyo iliyobaki, kwa maana kaka bado alikuwa akilalamika. Nyanya akalimaliza yeye. Alituletea kibuyu chake kidogo kilichosafishwa kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa mwituni. Akachemsha maziwa mwenyewe, nami nimesimama kando na kipimajoto. Akayaacha yapoe kabisa, ndipo akayamimina kibuyuni pamoja na kijiko cha maziwa lala ya dukani, akaziba. Siku ya tatu kaka alikunywa kikombe kizima bila kusema neno, akaongeza cha pili.

Kipimajoto nilikirudisha Jumatatu kikiwa kizima.